Ufini kipindi cha theluji: usiende Desemba, nenda Machi, na usiishie Rovaniemi (uzi mrefu)

Wakuu habari zenu.

Kila mwaka ikikaribia Krismasi zinaanza kuzunguka zile picha za Baba Krismasi wa Rovaniemi na vile vibanda vya kioo vya kulala huku unaangalia anga, na maswali kwenye komenti ni yale yale, baridi ikoje, sisi tunaiweza, bei gani, viza inatokaje, na wanaojibu wengi ni watu walioangalia video tu. Mimi niko Tampere, Ufini, nafanya kazi huku, na kaskazini naenda sana kipindi cha baridi, mara na mke wangu, mara na wageni kutoka nyumbani, na majuzi hapa alikuja shemeji yangu kutoka Moshi tukazunguka naye. Nimeona niandike yote sehemu moja. Ni mrefu, asiye na muda apite tu, mwenye nia ya kwenda akae.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane: kama hela yako ni ya kuja mara moja, njoo katikati ya Machi, na ukifika Rovaniemi usitue mizigo, songa mbele mpaka Inari, kijiji cha kaskazini zaidi.

Sababu ya Machi ni hii. Desemba kule juu jua halichomozi kabisa. Utsjoki, ambayo ndo wilaya ya mwisho mpakani na Norwei, jua likizama mwishoni mwa Novemba mnaonana nalo tena katikati ya Januari. Rovaniemi yenyewe linachungulia kama masaa mawili mchana chini kabisa kwenye upeo halafu linaondoka. Kuna uzuri wake, mchana unakuwa na rangi ya bluu inayochanganyika na waridi na mimi binafsi naipenda, ila mtu aliyetumia akiba yake kutoka Dar au Mombasa anataka kuona alikofika. Na hoteli Desemba zinajaa, bei zinapaa hatari. Machi theluji ndo imefikia kina chake cha juu, kuna miaka inagusa mita nzima, mchana na usiku vinakaribia kulingana kwa hiyo unapata masaa kama kumi na mbili ya mwanga na bado usiku wa giza upo wa kutosha kuangalia taa za angani (northern lights, zile rangi za kijani zinazocheza angani usiku). Alafu vipindi vya mchana na usiku kulingana, yani Machi na Septemba, ndo taa zile kwa wastani hutokea zaidi, inahusiana na namna sumaku ya dunia inavyokaa kuelekea upepo wa jua. Baridi ya Machi mchana inaweza kuwa nyuzi tano chini ya sifuri, usiku ikashuka mpaka ishirini na kitu. Angalizo moja tu, mwishoni mwa Februari mpaka wiki ya kwanza ya Machi shule za huku zinafungwa kwa zamu za likizo ya ski (kuteleza kwenye theluji), Wafini wenyewe wanahamia kaskazini wote na vyumba vinakuwa adimu. Subiri wapite.

Treni ya usiku

Ndege kutoka Helsinki mpaka Rovaniemi ni saa moja na nusu hivi. Mimi nakushauri treni. Inatoka Helsinki jioni, inapita Tampere usiku, asubuhi mko Rovaniemi, kama masaa kumi na mawili kwa safari nzima. Mabehewa ya kulala ni ya ghorofa, kila chumba kina vitanda viwili kimoja juu ya kingine, vya ghorofa ya juu vina choo na bafu lake ndani, vya chini mnashea choo cha behewa. Kuna behewa la mgahawa, na kitu ambacho shemeji alikishangaa kuliko vyote ni kwamba magari nayo yanapanda treni. Unafika stesheni mapema, unaliendesha gari lako mwenyewe mpaka ndani ya behewa la magari, unavuta hendibreki, unashuka unaenda kulala, asubuhi unalichukua Rovaniemi. Kwa hiyo familia inakwepa kuendesha kilomita mia nane na zaidi kwenye barafu usiku.

Tiketi nunua mapema. Chumba kile kile bei yake inabadilika kama ya ndege, ukisubiri wiki ya mwisho utalia. Kama hela ni ya mawazo kuna viti vya kawaida vya kukaa usiku kucha, vijana wanavitumia sana.

Amka kama saa kumi na moja alfajiri mkishapita mji wa Oulu, zima taa ya chumba, fungua pazia. Msonobari baada ya msonobari umebeba theluji mpaka matawi yamelala, nyumba moja mbali ina taa dirishani, kisha msitu tena. Mke wangu huwa anakaa hapo na chai hasemi neno.

Rovaniemi kwa kifupi

Watu wanaidharau kwa kusema ni mji wa majengo ya kawaida hauna sura ya kale, ila wanasahau kwanini. Oktoba 1944 Wajerumani walipokuwa wanarudi nyuma waliichoma karibu yote, zaidi ya hapo wakachoma vijiji na madaraja ya Lapland, yani kaskazini ya Ufini, walikopita. Mji uliopo ni wa baada ya vita, ramani yake aliichora Alvar Aalto, msanifu majengo maarufu wa Kifini, na barabara kuu zilipangwa zifuate umbo la kichwa cha poro, yule mnyama wao mwenye mapembe ambaye nitamweleza mbele. Mwaka 1950 Eleanor Roosevelt, mjane wa rais wa Marekani, alikuja kuona ujenzi mpya, wakamjengea kibanda haraka haraka pale mstari wa Aktiki (Arctic Circle) unapopita, kama kilomita nane kaskazini ya mji, na kijiji chote cha Baba Krismasi mnachokiona leo kilikua kuzunguka eneo lile. Kile kibanda kipo mpaka leo. Ingieni, pigeni picha kwenye mstari wa Aktiki, tumeni postikadi nyumbani yenye muhuri wa pale, wazee wanafurahi sana. Makumbusho ya Arktikum mjini nayo ingia, yanaeleza vita na maisha ya kaskazini vizuri. Kisha ondokeni.

Barabara ya kwenda Inari

Hapa ndo safari yenyewe. Ni barabara ya E75, ile ile ambayo inaanzia Vardø huko Norwei na kuishia kisiwa cha Krete, Ugiriki. Rovaniemi mpaka Inari ni zaidi kidogo ya kilomita mia tatu na ishirini. Basi lipo kila siku, dereva wake anaijua njia vizuri, na asiyewahi kuendesha kwenye theluji apande basi, hilo nalisema kwa msisitizo.

Wenye kuendesha, kuanzia Novemba mpaka mwisho wa Machi tairi za baridi ni lazima hali ya barabara ikidai, na kule juu inadai. Omba zenye misumari. Spidi kwenye barabara nyingi inashushwa kutoka mia kwenda themanini kipindi cha baridi. Sehemu kubwa ya njia haina lami inayoonekana, ni theluji iliyoshindiliwa ikawa ngumu na kukwaruzwa na greda, na ukiwa mpole nayo inashika vizuri. Tatizo ni lori likikupita, linaacha wingu la unga mweupe sekunde kadhaa huoni hata boneti. Unaachia mafuta taratibu, unashika usukani pale pale, haugusi breki kwa nguvu.

Kitu kingine, hotelini na kwenye nyumba mtaona maparkingi yana vinguzo vyenye soketi ya umeme. Ni za kuchomeka gari. Injini ina heta yake na waya unachomekwa masaa mawili matatu kabla ya kuondoka ili oili isigande na gari iwake bila kuteseka. Ukikodi gari waulize waya uko wapi kabla hujatoka getini.

Sasa kuhusu wanyama. Wenyewe wanawaita poro, ni wa jamii ya kulungu lakini wanafugwa, na Ufini wako kama laki mbili. Hakuna poro wa porini Lapland asiye na mwenyewe, kila mmoja amekatwa masikio kwa alama ya mfugaji wake. Kila mwaka magari yanawagonga kama elfu nne hivi. Wanapenda barabara kwa sababu nje ya barabara theluji inawafika tumboni, hapa wanatembea kwa raha.

Tulikutana nao karibu na Vuotso, kijiji ambacho kwa upande wa Ufini ndo cha kusini kabisa cha Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini. Gari lililokuwa linakuja mbele likatuwashia taa mara mbili, huko ni kama kuambiwa kuna wanyama mbele, nikapunguza mpaka mwendo wa kutembea. Walikuwa wengi, wamejipanga katikati ya njia, majike yakiwa na mapembe na madume makubwa yakiwa hayana, maana madume huangusha yao mwanzoni mwa baridi na majike hubaki nayo mpaka karibu na kuzaa. Shemeji akashusha kioo. Kulikuwa kimya kabisa, hakuna upepo, na walivyoanza kusogea tukasikia mlio wa tik tik tik tik mwingi, nikamwambia ni miguu yao hiyo, kuna mishipa kwenye kifundo inateleza juu ya mfupa kila wakikanyaga, kwa hiyo hata kwenye giza au tufani kundi linasikiana. Pumzi zao zilikuwa zinaganda kwenye manyoya ya kidevu. Mmoja alisimama pembeni ya mlango tukaona jicho lake karibu hivi, na sikio lina mikato mitatu. Hatukupiga honi. Walivyoridhika waliondoka wenyewe.

Ukigonga poro hata akikimbia, piga 112. Ni sheria na ni mali ya mtu, mfugaji analipwa kutoka bima.

> Mdau anauliza: Mkuu mimi ni wa Njombe huku asubuhi za Juni na Julai majani yanakuwa meupe kwa barafu. Nitaiona tofauti kweli?

Mkuu utaona tofauti mbili. Ya kwanza nje, chini ya nyuzi ishirini hasi vinyweleo vya puani vinaganda ukivuta pumzi, kope zinashikana, na theluji chini ya kiatu inatoa sauti kavu ya kukwaruza. Rekodi ya Ufini ni nyuzi 51.5 chini ya sifuri, Pokka huko Kittilä, Januari 1999. Januari 2024 Enontekiö ilifika 44 na kitu. Ya pili, na hii watu wetu hawaitegemei, ni ndani. Njombe au Makete baridi unalala nayo, inaingia na wewe chumbani. Huku nyumba ina madirisha ya vioo vitatu na heta saa ishirini na nne, ndani ni nyuzi ishirini na moja mtu anavaa tisheti. Nakuhakikishia mtu wa Njombe anayelala nyumba isiyo na heta mwezi wa saba anateseka na baridi kuliko Mfini wa kawaida mwezi wa kwanza.

Mavazi

Hili ndo linaamua kama utafurahi. Pamba usiivae karibu na mwili, ikishika jasho inabaki na maji na ukisimama unaganda. Nguo ya ndani kabisa iwe ya sufu laini, zile za merino, juu na chini. Katikati sweta la sufu au flisi. Nje jaketi na suruali vinavyozuia upepo. Viatu vya saizi kubwa kuliko ya kawaida, soksi mbili zikibana mguu damu haipiti na baridi inaingia pale pale. Mikononi glovu nyembamba ndani na zile za kidole gumba peke yake juu, vidole vikikaa pamoja vinapeana joto. Kofia ifunike masikio.

Usinunue vyote ukiwa nyumbani. Kampuni nyingi za matembezi Lapland zinakupa ovaroli nzito na buti ndani ya bei ya safari yao, na miji ya huku ina maduka ya mitumba yenye vitu safi sana vya baridi kwa bei ndogo.

Ngozi: pua, mashavu na masikio muangaliane nyie kwa nyie. Kwa mtu mweupe wanaambiwa waangalie doa jeupe, kwa sisi doa linaweza kuonekana la kijivu au kupauka, na dalili ya maana ni kwamba sehemu ilikuwa inauma halafu ghafla haiumi tena. Hapo ingia ndani, pasha joto taratibu kwa kiganja, usisugue kwa mkono wala kwa theluji kama wazee walivyokuwa wanafanya. Vaseline au mafuta mazito pakeni jioni, midomo kila saa, hewa ni kavu mno.

Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, betri ya asilimia sitini inazima ghafla kwenye baridi. Kamera ukirudi nayo ndani ifunge kwenye mfuko kwanza ipate joto pole pole, la sivyo kioo kinajaa maji.

> Mdau wa Tromsø: Mimi ni Mkenya niko Tromsø, Norwei. Boss nakubaliana na March lakini mbona hamtaji upande wetu? Tromsø iko juu zaidi kuliko Inari na baridi yake ni ndogo, wasee wanateseka bure huko ndani.

Karibu sana kaka na uko sahihi. Mkondo wa maji ya moto unaotoka Atlantiki unapita pwani ya Norwei, bahari haigandi, Januari wastani wa Tromsø ni nyuzi nne tano tu chini ya sifuri wakati Inari ni kumi na zaidi. Kwa asiyetaka baridi kali, Tromsø ni jibu zuri, na kule una milima na nyangumi. Ila mkondo huo huo unaleta mawingu, mvua na theluji ya maji, na mawingu ndo adui wa kwanza wa taa za angani. Ndani huku, mbali na bahari, baridi ni kavu na usiku mwingi anga liko wazi. Mwenye muda aunganishe, kutoka Inari mpaka mpakani Norwei sio mbali.

Inari na Wasami

Inari ni kijiji kidogo, duka, kituo cha mafuta, kanisa, ziwa. Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba elfu moja na zaidi na visiwa kama elfu tatu, Machi lote ni uwanja mweupe. Hapa ndo kitovu cha Wasami wa Ufini, bunge lao liko jengo la Sajos lililofunguliwa 2012, na jirani kuna makumbusho ya Siida ambayo kwangu ni bora kuliko makumbusho yoyote niliyoingia nchi hii. Tengeni nusu siku. Upande wa Ufini kuna lugha tatu za Kisami, na moja wapo, Kisami cha Inari, ilikuwa karibu kufa mpaka walipoanzisha chekechea ambako watoto wanaongeleshwa lugha hiyo tu. Saivi kuna vijana wanaiongea. Mimi jambo lile lilinigusa kwa sababu ya lugha ndogo za kwetu ambazo bibi anaijua, mama anaielewa, na mtoto hana habari nayo.

Wapo pia Wasami wa Skolt, Waorthodoksi, walihamishwa kutoka eneo la Petsamo baada ya Ufini kulazimika kuliacha kwa Urusi ya Kisovieti 1944, wakapewa makazi mapya maeneo ya Nellim na Sevettijärvi. Kanisa la mbao la Nellim liko msituni, dogo, linapendeza.

Adabu ni ile ile ambayo tungetaka mgeni atuonyeshe kwetu. Usiingie uani kwa mtu kupiga picha poro wake. Usimwelekezee mtu kamera kwa sababu amevaa vazi lake. Wasami wamelalamika miaka mingi kuhusu mavazi yao kuigizwa kwa ajili ya watalii, kwa hiyo ukitaka kununua kitu nunua kwa wenyewe, waulize aliyetengeneza ni nani.

Mama mmoja mfugaji alitukaribisha kwenye banda lake la moto, tukalipia kama matembezi ya kawaida ila alikaa na sisi muda mrefu kuliko tulivyolipia. Katikati moto, pembeni ngozi za poro, birika jeusi la kahawa linaning'inia. Poro wake anawalisha majani makavu na chakula cha kununua, shemeji akamuuliza kwani si wanajitafutia wenyewe. Akasema poro ana uwezo wa kunusa kuvumwani (lichen), chakula chake kinachoota ardhini chini ya theluji, na kuifukua kwa kwato, lakini miaka hii baridi inakatika katikati, inanyesha mvua Desemba, mvua inaganda juu ya ardhi kama kigae, mnyama hanusi kitu na kwato haipenyi. Inabidi anunue chakula, na chakula kinakula faida yote. Shemeji analima kahawa kule kwetu na mvua zimemchezea vile vile, wakaanza kuongea kupitia kwangu nikiwa mkalimani, wakasahau kabisa kwamba mmoja ni mtalii. Hiyo ndo siku niliyoona safari imelipa.

Kuvua kwenye barafu

Kuvua kwa ndoano fupi kupitia tundu la barafu ni haki ya kila mtu Ufini, hulipi wala huombi kibali, isipokuwa baadhi ya mito ya samaki wakubwa. Tulienda na mzee wa hapo Inari mwenye pikipiki ya theluji. Akasimama sehemu ambayo mimi sikuona tofauti na nyingine, akatoa keekee ndefu ya mkono, akazungusha, barafu inatoka kama nazi iliyokunwa, keekee inazama, inazama, zaidi ya nusu mita ndo maji yakapanda. Akayachota yale mabonge kwa kijiko chenye matundu, akatupa ngozi ya poro chini, kaa. Fimbo yenyewe haizidi urefu wa mkono. Unashusha mpaka inagusa chini, unapandisha kidogo, unatikisa, unasubiri. Shemeji alipata samaki mmoja mwenye madoa wa jamii ya trauti, akamweka juu ya theluji, baada ya dakika chache kashakuwa mgumu kama kuni. Mzee akawasha moto ufukweni akatukaangia.

Barafu usiikanyage kwa kuamini macho. Pita penye njia zilizowekwa alama au na mwenyeji. Kwenye midomo ya mito na penye mikondo kati ya visiwa inakuwa nyembamba hata Machi.

> Dada mmoja anauliza: Mimi ni Muislamu natokea Tanga. Huko kusikokuchwa wala kusikopambazuka swala mnazipangaje?

Dada mimi ni Mkristo kwa hiyo ntakwambia ninachokiona kwa marafiki zangu. Machi hutapata shida, jua linachomoza na kuzama kama kwetu. Desemba kule juu, ndugu ninaowafahamu wengine wanafuata ratiba ya Helsinki, wengine ya Makka, wanaulizana kwenye msikiti wao kwanza. Chakula, nyama ya halali Inari ni ngumu kupata, lakini samaki yupo kila mahali, supu ya samoni yenye viazi na dill (majani ya kunukia) wanaiweza sana, na mkate wa shayiri.

Sauna na maji ya barafu

Ufini ina watu milioni tano na nusu na sauna (vyumba vya kujifukiza kwa joto) zaidi ya milioni tatu, na 2020 utamaduni wao wa sauna uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO. Ndani ni nyuzi themanini au tisini, mnakaa kimya au mnaongea taratibu, mtu anarusha maji kwenye mawe, mvuke unakuja unakushika masikio. Za familia wanaingia bila nguo, familia pamoja, ila kukiwa na wageni mara nyingi wanaume peke yao wanawake peke yao. Za watu wote mchanganyiko mnavaa nguo za kuogelea, hakuna anayekulazimisha chochote.

Baada ya joto watu wanajichovya kwenye tundu lililokatwa kwenye barafu ya ziwa, lina ngazi na taa. Unatoka umepata moto, soksi za mpira miguuni, unashuka taratibu ukipumua nje kwa nguvu, maji yakifika kifuani mwili unataka kuvuta pumzi haraka haraka, usiukubalie, hesabu pumzi kidogo, toka. Kichwa usizamishe. Usiende peke yako, usiende umelewa, na mwenye presha au moyo aongee na daktari wake kwanza. Ukitoka damu inarudi kwenye ngozi na unaweza kusimama na taulo kwenye nyuzi kumi na tano hasi usisikie kitu. Mke wangu alikataa kwa muda mrefu, saivi yeye ndo anayeuliza kama hoteli ina tundu.

Taa za angani

Chembe kutoka kwenye jua zinaongozwa na sumaku ya dunia kuelekea maeneo ya ncha, zinagonga hewa ya juu, oksijeni kwenye urefu wa kilomita mia na kidogo inatoa kijani, juu zaidi inatoa nyekundu, na naitrojeni inaleta ile waridi ya chini. Ukipita Sodankylä kuna kituo cha utafiti wa mambo haya tangu 1913.

Kwa macho zikiwa dhaifu zinaonekana kama wingu jembamba la kijivu, kamera ndo inaona kijani, kwa hiyo wengi wanapita chini yake bila kujua. Zikiwa na nguvu hakuna anayehitaji kuambiwa. Kaa siku nne tano sehemu moja, angalia utabiri wa mawingu kabla ya ule wa upepo wa jua, nenda mbali na taa za kijiji, beba chupa ya chai, subiri. Kwa usiku ule tuliobahatika, zilianza kama mstari juu ya ziwa, zikakatika, tukaanza kukusanya vitu, halafu anga lote likafunguka juu ya vichwa, zinashuka na kupanda kwa kasi na zile kingo za waridi zinakimbia, theluji yote imekuwa kijani. Shemeji alivua kofia akaanza kuimba pambio la kanisani kwao kwa Kichaga. Sikujua kwamba anaimba vizuri namna ile.

Vibanda vya bure

Hili wageni wengi hawalijui. Hifadhi ya Urho Kekkonen, karibu na Saariselkä, ina vibanda vya mbao porini ambavyo ni bure, havifungwi, vina jiko la kuni na kuni zenyewe. Taratibu yake ni kwamba aliyefika mwisho ndo mwenye haki zaidi, kwa sababu wewe umeshapumzika na yeye ndo anatoka baridini, kwa hiyo wa kwanza wanasogea au wanaendelea na safari. Ukiondoka unapasua kuni, unaacha vijiti vikavu vya kuwashia karibu na jiko, unafagia. Kwa asiye na uzoefu nenda na kurudi siku hiyo hiyo kwa njia zenye alama.

> Mdau: Viza mkuu, na ukiwa na watoto inakuwaje?

Viza ni ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, ada euro 90 kwa mtu mzima, bima ya matibabu isiyopungua euro elfu 30, unaruhusiwa mpaka siku 90 ndani ya siku 180. Unaweza kuomba hadi miezi sita kabla, na omba mapema. Wanachoangalia zaidi ni kama utarudi, barua ya kazi, taarifa ya benki ya miezi kadhaa inayoeleweka, likizo iliyoidhinishwa.

Watoto waleteni, Machi ndo mwezi wao. Sledi (vya kukalia na kuteleza kwenye theluji) zipo kila kijiji na kilima kidogo kinawatosha siku nzima. Wavae vizuri kuliko nyie, wapeni vitu vya moto kila baada ya muda, wasikae kwenye sledi bila kusogea muda mrefu maana aliyekaa anapoa haraka kuliko anayekimbia, na muwaambie mapema wasiguse chuma kwa ulimi. Mapumziko ya ndani kila saa moja yanatosha, Siida ina sehemu ya kula na joto la kutosha.

Mwenye swali la ratiba ya basi au gari la kukodi aache hapa chini, najibu nikitoka kazini.